Seva ya kiwanda cha samaki inakula diski, safari hii ninunue zipi?

#1 Mzawa wa Ilemela
Wakuu heshima kwenu. Nipo kiwanda cha minofu ya sangara huku ufukweni Mwanza, kitengo cha TEHAMA chenye watu wawili: mimi, na mwenzangu ambaye yuko likizo ya uzazi. Seva yetu kuu ya rafu ina slotu nane za inchi 3.5, nne zina diski za SATA za TB 4 kwenye RAID 5 (data inagawanywa kwenye diski zote, moja ikifa zilizobaki zinaijenga upya). Tangu mvua zianze zimeondoka diski tatu. Si kwa mpigo: nabadilisha moja, mambo yanatulia, kisha nyingine inawasha taa nyekundu. Bosi kasema nunua seti nzima yaishe. Mezani nina profoma tatu:

A. Diski nne za kompyuta za mezani, TB 8 kila moja
B. Diski nne za seva, SATA, TB 4, mizunguko 7200
C. SSD (diski za chipu, zisizozunguka) nne za seva, GB 960 kila moja

Bosi kaangalia C kaniuliza, "Hii haifiki hata TB 1, inazidije bei ya hii ya TB 8? Unataka kunipiga?" Nimemjibu lakini sikumridhisha. Naombeni hoja, na ushauri wa kuchagua. Wa kejeli nao karibuni.

#2 Kijiko cha Dagaa
Nimeshakaa, mwenye karanga apitishe huku.

#3 Fundi wa Rafu
A itoe mezani leo. Diski ya kompyuta ya mezani ikikutana na sekta mbovu inang'ang'ania kuisoma, inaweza kukaa kimya muda mrefu. Kontrola ya RAID haina subira hiyo, inaihesabu imekufa na kuitupa nje. Diski za seva zina kikomo, kwa kawaida sekunde 7, zikishindwa zinasema zimeshindwa na kontrola inachukua data kutoka kwa zilizobaki. Ndiyo maana unakuta diski "imekufa" kwenye seva, ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine inafunguka vizuri tu.

Hizo tatu zilizokufa ni za aina gani?

#4 Asilimia Ngapi
Kabla ya aina, data ni kiasi gani na ni ya nini? Watu mnaandika dawa na mgonjwa hajasema anaumwa wapi.

#5 Mzawa wa Ilemela
#3, moja ni ya seva kabisa, ilikuja na mashine. Mbili niliambiwa ni za seva.
#4, kuna hifadhidata ya mizani na bechi za samaki pamoja na uhasibu, jumla kama GB 300. Kilichobaki ni kamera 16 za ulinzi.

#6 Kijiko cha Dagaa
"Niliambiwa" 😂😂
Halafu kamera zimelala kitanda kimoja na hifadhidata. Mods fungeni uzi, mgonjwa kapatikana.

#7 Dada wa Namba
Tupige hesabu kabla ya kumcheka. Kamera moja tuseme megabiti 4 kwa sekunde. Zikiwa 16 ni megabiti 64, yaani megabaiti 8 kila sekunde, usiku na mchana. Kwa siku ni karibu GB 690, kwa mwaka TB 252. RAID 5 ya diski nne inagawa data mafungu matatu na kuongeza fungu la pariti (hesabu ya kurudishia data diski ikifa), kwa hiyo kila diski inaandikiwa kama TB 84 kwa mwaka.

Sasa fungua karatasi za watengenezaji. Diski nyingi za mezani zimepimwa kubeba TB 55 kwa mwaka, za NAS (hifadhi ya mtandao wa ofisi) na za kamera TB 180, za seva TB 550. A imezidiwa kabla mizani haijaandika hata kilo moja ya samaki. Hiyo mpelekee bosi.

#8 Mzawa wa Ilemela
Dada asante, nimenakili kama ilivyo. Ila kamera zetu ziko megabiti 6, bosi anataka kuona sura ya mtu anayetoka getini na minofu kwenye begi.

#9 Dada wa Namba
Basi zidisha kwa moja na nusu. Unapita TB 1 kwa siku. Ghala lako la TB 12 linajaa kabla ya wiki mbili na kuanza kujifuta, diski hazipumziki hata sekunde.

#10 Mzee wa Pariti
Mnazungumzia diski, tatizo ni RAID 5 yenyewe. Karatasi ya diski ya kawaida inasema kosa moja la kusoma katika biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni kama TB 12.5. Yako ikifa moja, kuijenga upya kunataka kusoma TB 12 kutoka tatu zilizobaki. Hakika utakwama katikati. Nenda RAID 6 (inavumilia diski mbili kufa) au 10 (diski zinaakisiana mbili mbili), usirudi nyuma.

#11 Asilimia Ngapi
Mzee nakukatalia. Hata ukiichukua namba hiyo neno kwa neno, si "hakika", ni kama asilimia 62. Na yenyewe ni kikomo anachojiwekea mtengenezaji, "haitazidi hapa", diski nyingi zinafanya vizuri zaidi. Ushahidi uko kwenye uzi huu huu: jamaa kabadilisha tatu na RAID imejijenga kila mara.

#12 Mzee wa Pariti
Kabahatika.

#13 Asilimia Ngapi
Mara tatu mfululizo? Basi aache TEHAMA akacheze mikeka.

#14 Fundi wa Rafu
Mzee ana pointi kwenye muda. TB 8 kwa MB 200 kwa sekunde ni saa 11, hapo diski haina kazi nyingine. Kamera zikiendelea kuandika juu yake inakwenda siku kadhaa, na siku zote hizo uko kwenye RAID 5 isiyo na akiba. Kama zilinunuliwa pamoja na zimechoka pamoja, ya pili haiko mbali.

#15 Mjukuu wa Miamba
Mimi ni fundi umeme, mambo ya pariti siyajui. Nauliza: ardhi yenu mmeipima lini?

Mwanza ni jiji la miamba. Fundi anapiga fimbo ya shaba, futi mbili inagonga jabali. Anafanya nini? Anaikata kwa msumeno, anafunga klampu juu, anafukia, anakuambia tayari. Nimefukua zangu nyingi Capri Point, Isamilo na Mabatini, fimbo ina urefu wa mkono. Wengine wanamwaga chumvi na mkaa, mwaka wa kwanza kipimo kinashuka kila mtu anafurahi, baadaye chumvi imekula fimbo, umebaki na klampu imeshika udongo.

Na ziwa hili lina radi. Mchana dhoruba ziko nchi kavu, usiku upepo unageuka na zinakusanyika juu ya maji. Nyie mko ufukweni kabisa. Ukitaka ardhi ya kweli kwenye mwamba chimba mtaro mrefu, laza ukanda wa shaba, fukia na bentonaiti, upime mpaka ushuke chini ya ohm 5. Ndipo uje kununua diski.

#16 Kijiko cha Dagaa
Huyu ndiye mtu wa kwanza kusema kitu ninachokielewa.

#17 Fundi wa Rafu
Mjukuu wa Miamba, umeme mbaya ungeanza na pawasaplai kabla ya diski. Mleta mada, pawasaplai zimeshakufa?

#18 Mzawa wa Ilemela
Hapana, zote mbili ni za tangu mwanzo. UPS ipo pia, ila umeme ukikatika jenereta linawaka na UPS inalia dakika kadhaa kabla ya kulikubali.

#19 Mjukuu wa Miamba
Inalia kwa sababu mawimbi ya jenereta hayajatulia. Nunua UPS ya onlaini, inayobadilisha umeme mara mbili muda wote, achana na hizo za kuruka upande wa pili pakiharibika. Na pawasaplai kutokufa si ushahidi, kuna waya wa mtandao unatoka nje kwenda getini kwenye kamera, sivyo? Radi inapanda hapo.

#20 Mstaafu wa Bandari Kusini
Vijana, mimi nadhani ni joto. Zamani ofisini tulikuwa na kompyuta karibu na dirisha zikafa zote.

#21 Asilimia Ngapi
Shikamoo mzee. Mwanza si Dar, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hali ya hewa ya hapa diski inaifurahia. Halafu Google walitoa utafiti 2007 juu ya diski zao nyingi, joto la kawaida halikuonekana kuua kama watu walivyodhani.

#22 Binti Mkolani
Umetaja wa 2007, taja na wa 2016 wa Chuo Kikuu cha Rutgers pamoja na Microsoft. Walilinganisha vituo vya data vinavyopoozwa kwa hewa ya nje na kukuta unyevu ndio unaoumiza zaidi ya joto. Unyevu unakula viunganishi na bodi.

Kiwanda cha samaki, ufukweni, msimu wa mvua. Mleta mada, chumba cha seva kiko wapi hapo kiwandani?

#23 Mzawa wa Ilemela
Nyuma ya chumba cha kompresa za barafu. Ndicho kilikuwa kimebaki wazi.

#24 Kijiko cha Dagaa
😂😂😂 Anatoa taarifa kwa mkupuo wa matone.

#25 Binti Mkolani
Kompresa za amonia?

#26 Mzawa wa Ilemela
Ndiyo.

#27 Binti Mkolani
Amonia haipatani na shaba, mabomba ya mitambo yake ni ya chuma kwa sababu hiyo. Bodi ya diski, viunganishi na soketi zote zina shaba. Huhitaji kuvuja kwa kunusa, kidogo kidogo na unyevu vinatosha. Toa diski moja iliyokufa, fungua zile skrubu za bodi chini uangalie pale inapogusana na injini na kichwa. Ukiona rangi ya kijani au weusi niambie.

#28 Fundi wa Rafu
Mimi ningesema mtikisiko. Kompresa upande wa pili wa ukuta inatikisa rafu, kichwa cha diski kinatafuta mstari mwembamba kuliko unywele, kikikosa kinasubiri mzunguko mwingine. 2008 Brendan Gregg wa Sun alipiga kelele mbele ya diski, na kwenye skrini ucheleweshaji ukapaa papo hapo. 2016 benki ya ING kule Bucharest walijaribu mfumo wa gesi wa kuzimia moto, mlio wake ukaharibu diski na huduma zikasimama. Sauti tu hiyo. Diski za seva zina vihisi vya mtikisiko, za mezani nyingi hazina. Hoja nyingine ya kumpa bosi juu ya bei.

#29 Msukuma Mtandao
Mwangaluka wote. Mbona hakuna aliyetaja wale wadudu wa ziwani? Wakija kama moshi kutoka majini wanaingia kila penye taa. Nimefungua seva moja Kirumba, feni za mbele zimeziba, wamegandana wamekuwa kama sponji jeusi lenye harufu. Feni zinakimbia kasi ya mwisho, hewa haipiti. Zima taa ya chumba usiku na uweke wavu mwembamba mlangoni.

#30 Mstaafu wa Bandari Kusini
Marahaba #21. Basi nilisema joto, mkanicheka.

#31 Dada wa Namba
Turudi kwenye C maana bosi anasubiri. Diski ya 7200 inamaliza mzunguko kwa milisekunde 8.3, wastani inasubiri nusu yake, ongeza kama 8 za kichwa kusogea. Unapata shughuli kama 80 kwa sekunde. Nne ni 320. RAID 5 inalipa shughuli nne kwa kila andiko dogo, umerudi kwenye 80. Ondoa kamera. Karani wa mizani akibonyeza "hifadhi" anapanga foleni nyuma ya video za geti. SSD ya SATA ya seva inafanya makumi ya maelfu.

Kuhusu kuchakaa: ile ya GB 960 inayoruhusu kuandikwa yote mara moja kwa siku kwa miaka 5 inabeba TB 1,752. Hifadhidata ikiandika hata GB 20 kwa siku, miaka 5 ni TB 36.5. Hutaimaliza. Ila ukiipa kamera TB 1 kwa siku unaila.

Kwa hiyo si A, B au C. Ni SSD mbili za kuakisiana kwa hifadhidata, na kamera zikae kwenye diski zake mwenyewe, ikiwezekana mashine tofauti.

#32 Mzee wa Pariti
SSD hapana. Diski ikitaka kufa inakuaga kwa milio na sekta mbovu, SSD inalala mzima inaamka mfu. 2019 HPE walitangaza SSD zao fulani za SAS zinazokufa zikifika saa 32,768, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Umeziwasha pamoja, zinakufa pamoja. RAID ya aina gani itakuokoa?

#33 Fundi wa Rafu
Lile lilikuwa kosa la fimwea (programu ya ndani ya diski), na walioweka fimwea mpya mapema walipona. Hiyo ni sababu ya kuangalia fimwea siku ya kufunga, si ya kukataa SSD. Na diski za kuzunguka zina madhambi yake: 2020 ilijulikana Western Digital waliuza baadhi ya diski zao za Red zenye mistari ya data inayolaliana (SMR) bila kusema. RAID ikijijenga upya zinakwenda mwendo wa kobe, nyingine zinatupwa nje. Kwenye B hakikisha modeli si ya aina hiyo.

Mleta mada, kwenye C uliza neno moja: zina kapasita za kumalizia kuandika umeme ukikatika? Kama muuzaji haelewi swali, hizo ni za laptopu.

#34 Kariakoo Juu
Weka zote wingu uachane na fimbo na wadudu.

#35 Asilimia Ngapi
Kamera 16 kwa megabiti 6 ni megabiti 96 za kupandisha bila kupumzika. Utalipia wewe? Hifadhidata labda, lakini kama ina majina na mishahara ya wafanyakazi, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kupeleka nje ya nchi kuna masharti.

#36 Mama Minofu
Naongea kama mtu wa ubora, siyo wa kompyuta. Kanuni namba 178 ya 2002 ya Umoja wa Ulaya inadai chakula kifuatiliwe hatua moja nyuma na moja mbele. Mkaguzi akiuliza samaki huyu katoka kwa nani, ukamwambia "diski ilikufa", shehena inakaa. Mnaokumbuka 1999 walipofunga soko kwa sababu ya uvuvi wa sumu mnajua Mwanza ilivyolia. Ya bechi inakiliwe kila usiku kwenye kitu kinachotolewa nje ya jengo. Sijaona mtu mwenye neno la bakapu hapa, mko diski diski tu.

#37 Kijiko cha Dagaa
Mama kafunga mjadala. Na bei ya sangara mbona imepanda hivyo, au mabondo ndiyo yanawatia wazimu?

#38 Mama Minofu
Anzisha uzi wako wa mabondo tuje.

#39 Mzawa wa Ilemela
Bakapu ipo, diski ya USB kwenye droo ya mezani kwangu. Najua mtasema nini.

#40 Mama Minofu
Droo hiyo hiyo iliyo nyuma ya kompresa?

#41 Kariakoo Juu
Tuache utani, zile mbili za "niliambiwa". Mwanzoni mwa 2025 Ujerumani ilibainika Seagate Exos zilizotumika zinauzwa kama mpya, SMART (kumbukumbu ya afya ambayo diski inajiandikia) imefutwa inasoma saa chache. Waliofanya hivyo hawakugusa kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM. Chukua smartctl toleo la 7.4 au jipya zaidi, andika `smartctl -l farm` na diski yako. Ni kwa Seagate tu. Kama iko nyuma ya kontrola, itoe uichomeke kwenye kompyuta ya kawaida.

#42 Mzawa wa Ilemela
Nimefanya mchana wa leo. Moja kati ya mbili ni Seagate. SMART inasema saa 1,904. FARM inasema saa 26,377.
Ya pili ni kampuni nyingine, SMART saa 2,210, sekta zilizohamishwa 0, zinazosubiri 0, ila namba 199 iko juu ya elfu nne. Ile ya asili iliyokuja na seva ina sekta zilizohamishwa nyingi, namba 199 ni 12.
#27 nimefungua bodi ya ile ya asili. Kuna weusi kwenye vidoti viwili vitatu, si kijani.

#43 Kijiko cha Dagaa
Ulipigwa ndugu yangu. Pole.

#44 Kariakoo Juu
Umeuziwa diski yenye miaka mitatu mgongoni. Rudi na hayo maandishi dukani.

#45 Fundi wa Rafu
Hiyo ni moja. Ya pili ni nzima! Namba 199 ni makosa ya njiani kati ya diski na kontrola. Waya, soketi, au bodi ya nyuma ya slotu. Ukinunua seti mpya ya bei yoyote ukaichomeka hapo itatupwa nje vile vile.

#46 Binti Mkolani
Soketi iliyoliwa na amonia inatoa makosa hayo hayo.

#47 Mjukuu wa Miamba
Na ardhi mbovu.

#48 Asilimia Ngapi
Ya asili imekufa uzee, ya Seagate imeuzwa mzee, ile nyingine iko hai. Mnataka sababu moja kwa vifo vitatu tofauti.

#49 Fundi wa Rafu
Kila moja ilikuwa slotu gani?

#50 Mzawa wa Ilemela
Ya asili slotu 0. Hizo mbili zote slotu 3, moja ilipotoka ndiyo nikaweka nyingine. Na iliyopo slotu 3 sasa hivi ndiyo nimeiona ina 199 ya mia tatu na ushee, wakati zingine ni sifuri.

#51 Fundi wa Rafu
Jumapili kiwanda kikilala, zima, hamishia hiyo kwenda slotu 6, slotu 3 iache tupu. Andika namba ya 199 kabla na baada.

#52 Binti Mkolani
Ukiwa umezima, piga picha ya soketi ya slotu 3 na ya slotu 6 ambayo haijawahi kutumika, uzilete hapa pamoja. Na usisaini profoma yoyote mpaka hapo.

#53 Mzee wa Pariti
Asaini RAID 6.